Taa Niliyokufundisha Kuiogopa

Mwanangu Adhiambo,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukikunja nguo. Kuta za nyumba hizi za kambi ni nyembamba. Hata sanduku lako likikataa kufunga, nalisikia. Mvua ya alasiri imekatika, king'ora cha kiwanda kimelia, na mama yako amekwenda kwa jirani kuazima pasi. Nina saa moja na kitu ya mwanga. Inanitosha.

Mambo ya safari nayaacha. Anwani ya shangazi yako, blanketi, sweta ya asubuhi, usimwachie mtu usiyemjua mzigo wako: mama yako ameyasema mara tatu na hata mimi nimeyakariri. Mimi nina jambo moja tu.

Keshokutwa utasimama mbele ya maikrofoni ya redio kule Nairobi ili wakusikilize, wakukubali au wakukatae. Na unakwenda ukiamini kwamba sauti yako ni ndogo. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Wale wana mashine za kweli, mama. Watajua mara moja kwamba sina sauti." Sauti yako si ndogo. Ilifanywa ndogo, na aliyeifanya ni mimi. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda basi. Tena nataka ulijue kwa undani, jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu wewe tangu utoto hukuwahi kufarijika kwa maneno matupu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Mimi nilifika hapa nikiwa mdogo kuliko wewe. Mto ulikuwa umepanda juu ya tambarare ya kwetu, ukachukua nyumba, ukachukua ghala, na maji yalipoondoka hatukuweza hata kuonyesha mahali ghala lilipokuwa. Tulipanda huku milimani kwenye majani chai, mimi na mama yangu, yule uliyebeba jina lake. Ndiyo maana nikijisahau nakuita Mama. Kule kwetu alikuwa mwimbaji wa misiba. Watu wa ng'ambo ya mto walijua nani amefariki kwa kumsikia yeye tu akilitaja jina. Hapa tulipewa chumba kimoja katika laini, hizi safu za nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na watu tusiojua lugha yao. Wiki ya kwanza aliimba akisaga mtama. Nyapara akaja akagonga mlango kwa fimbo.

"Wewe mama, hapa si kwenu."

Basi. Kuanzia siku ile mama aliimba akiwa amefunga mdomo. Nilimsikia akiimba hivyo miaka kumi na moja, mpaka alipofariki, na mimi nikadhani hiyo ndiyo adabu ya mtu aliye mbali na kwao.

Nimekaa hapa zaidi ya miaka thelathini, na nyumba hii bado si yangu. Siku nitakapoacha kazi nitarudisha ufunguo kwa karani. Mtu akiishi hivyo muda mrefu hujifunza kupima sauti yake kabla ya kuitoa. Hilo nililijua juu yangu. Nisilolijua ni kwamba siku moja ningekuja kulitengenezea mashine.

Unakumbuka amplifaya ilipoletwa ukumbini, na maikrofoni moja, na ile spika ya pembe iliyofungwa juu ya jukwaa. Meneja alinikabidhi mimi kwa sababu mimi ndiye fundi wa injini na stima. Mwalimu wangu alikuwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, ambacho ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa kumi na saba. Nilikisoma masika mazima, kamusi ikiwa pajani. Mpaka leo sijui mwandishi alianza kwa kusema nini, lakini yaliyobaki yaliniingia.

Nilijifunza kwamba sauti ya mwimbaji si kama ya karani anayeita majina asubuhi. Karani huita jina la kwanza na la mwisho kwa nguvu ile ile. Mwimbaji huanza kwa kunong'ona, na baada ya pumzi mbili amepanda mpaka mabati yanatetemeka. Ukiweka mashine ili mnong'ono usikike, akipanda ataichoma. Ukiiweka iweze kubeba kule kupanda, mnong'ono hautafika benchi la tatu. Kazi yote iko hapo katikati: kukiinua kidogo kilicho chini, kukishusha kidogo kilicho juu, na kuweka mpaka mmoja ambao hata sauti kali namna gani haiuvuki. Lakini iwe kidogo, Adhiambo. Wimbo unaishi katika ule umbali kati ya chini na juu. Ukiumaliza umbali wote, umebaki na maneno tu.

Mwanzoni kazi hiyo niliifanya kwa mkono. Nilikaa kando ya jukwaa, nyuma ya pazia, vidole kwenye kitufe cha sauti, nikikizungusha huku na huku, kwaya yenu ikiimba. Nyimbo zenu zote nilizijua. Ulipovuta pumzi ya kupanda, mkono ulikuwa umeshaanza kushuka. Ulipokaribia kunong'ona, ulikuwa umeshaanza kupanda. Nilijua kwamba katika ubeti wa pili hupenda kuchelewa kidogo, nami nilichelewa nawe. Hakuna aliyekumbuka kwamba nipo, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Arap Koech, kiongozi wenu wa kwaya, aliyekuwa akishinda mchana kutwa kwenye mizani ya majani, alikuja nyuma ya pazia Jumapili moja akanipiga begani.

"Funti," akasema, maana ulimi wake haujapata kuiweka ile d mahali pake, "hiki chuma chako leo kimeokoka."

Nilikuwa na furaha siku zile. Nakuambia hivi ili ujue kwamba nilijua njia iliyo sawa kabla sijaiacha.

Halafu pembe likaungua. Walikuja wageni, kwaya kutoka Kedowa, na kati yao jamaa mmoja mnene wa besi aliyeishika maikrofoni kama mtu anayekunywa uji. Mimi nilikuwa nimegeuka kumsalimia mtu. Nilisikia mlio wa kukwaruza, halafu harufu ya vanishi inayoungua, halafu kimya. Meneja alisimama mbele ya watu wote akasema kwa Kiswahili chake kile cha Kizungu.

"Fundi! Wewe lala?"

Watu walicheka. Ilichukua miezi minane kupata pembe lingine, na kwa miezi minane kila nilipopita mizani kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Fundi, wewe lala?" Wewe mwenyewe uliniuliza mara moja mezani, na mama yako akakufinya.

Pembe jipya lilipofika niliapa halitaungua. Nikakumbuka ukurasa mmoja katika kile kitabu. Nilichukua balbu ya taa kubwa ya lori nikaiunga katikati ya waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye pembe, ili umeme wa sauti usifike kule bila kupita ndani ya balbu. Umeme ukiwa mdogo, ule uzi wa ndani uko baridi, unauacha upite. Umeme ukizidi, uzi unapata moto, na uzi wenye moto hubana njia. Kadiri mtu anavyopaza, ndivyo anavyobanwa. Na balbu inawaka.

Nilitengeneza kisanduku cha mbao za masanduku ya chai, nikaipachika balbu juu yake, nikaifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende. Kazi nzuri. Hata leo nikikitazama kile kisanduku naona ni kazi nzuri. Balbu ya lori ilikuwa kubwa, haikuwaka ovyo. Ilingoja mpaka mtu apige kelele ya kuhatarisha pembe, ikamzuia, ikamwachia. Ilikuwa na kasoro mbili nilizozisikia wiki ya kwanza. Uzi hauwi moto papo hapo, kwa hiyo mwanzo wa ukelele hupita kabla haujabanwa. Wala haupoi papo hapo, kwa hiyo neno dogo linalofuata ukelele humezwa, maana njia bado imebanwa. Mkono unaujua wimbo. Balbu inalijua joto peke yake, tena imechelewa. Nilijua hivyo. Nikaona si neno, kwa kuwa ni mara chache.

Lakini watu waliipenda. Walikuja kuitazama taa zaidi ya kusikiliza. Waimbaji wakaanza kushindana kuiwasha: mtu anafika kwenye kiitikio, anakaza shingo, macho kwenye kisanduku. Nami kwa hofu ya pembe nikatunga sheria, nikaiandika kwa chaki ubaoni nyuma ya jukwaa: USIWASHE TAA. Wewe ulikuwa wa kwanza kuitii. Ulikuwa binti wa fundi, ulitaka nisiaibike tena.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito, lakini nitapita.

Katika sherehe ya mwisho wa mwaka meneja alialika wageni wa mashamba mengine. Aliniita ofisini akasema kisanduku changu ni akili, na kwamba siku hiyo nitakaa mbele, safu moja na makarani, ili wageni waonyeshwe mtu aliyekitengeneza. Nilipewa kiti, Adhiambo. Tangu nyapara yule agonge mlango wetu sikuwahi kupewa kiti cha mbele mahali popote hapa. Nilifua koti langu mwenyewe.

Na kwa kuwa ningekaa mbele, mkono wangu usingekuwa kwenye kitufe. Na kwa kuwa mkono wangu usingekuwepo, niliogopa. Asubuhi ile, mama yako akikusuka nywele hapa nyumbani, nilikwenda ukumbini peke yangu, nikaitoa balbu ya lori, nikaweka nyingine ndogo, ya taa ya nyuma ya lori. Ile ndogo haingoji ukelele. Inapata moto mtu akianza tu kuimba. Nikakizungusha kitufe juu ili sauti iliyobanwa isikike mpaka nyuma, nikafunga pazia, nikaenda kuvaa koti. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijua kwamba wewe ndiwe utakayeimba peke yako.

Unakumbuka upande wako. Nikuambie ulivyosikika kwetu. Ulianza chini, na mwanzo ule ukaja mkubwa kuliko ulivyoutoa, pamoja na pumzi yako, pamoja na viti vilivyokuwa vikiburutwa jukwaani, kwa kuwa kitufe kilikuwa juu na balbu ilikuwa bado baridi. Halafu ukapanda. Niliona kifua chako kikipanda, niliona mshipa wa shingo, niliona mikono yako ikifunguka kama unavyofanya. Na sauti haikwenda popote. Ilibaki pale pale, bapa, kama mtu anayeimba ndani ya gunia. Ule ubeti wako wa kuchelewa ulimezwa wote. Taa tu ndiyo iliyopanda. Iliwaka nyekundu mpaka ikawa karibu nyeupe, na wageni wakapiga makofi, wakanyoosha vidole kwenye taa, na meneja akanigeukia akasema, "Kama gramafoni kabisa."

Nami nilitabasamu. Mikono yangu ilikuwa juu ya magoti.

Ulipanda mara ya pili, kwa nguvu zaidi, ukitafuta sauti yako ilikokwenda. Taa ikazidi. Halafu nikakuona ukiiangalia, na nikakuona ukishuka. Wimbo uliumalizia chini, kwa adabu, taa ikiwa imezimika. Pale nilipaswa kusimama. Jukwaa lilikuwa hatua sita mbele yangu.

Tukiwa njiani kurudi uliniuliza, "Baba, sauti yangu imekufa?"

Nikakujibu, "Umeimba vizuri. Mwishoni hata hukuwasha taa."

Hilo ndilo jibu nililokupa. Ningekuwa nimekuambia neno moja tu juu ya ile balbu, ungecheka, ungenitania mwezi mzima, yakaisha. Badala yake nilikufundisha. Miezi mitano, kila Jumamosi, tulikwenda ukumbini, wewe mbele ya maikrofoni na mimi nyuma ya kisanduku, nikikuambia chini, chini tena, hapo, taa imezimika, vizuri. Wewe ni mwanafunzi hodari. Ulijifunza wimbo mzima bila taa kupepesa. Nilijivunia.

Mama yako ndiye aliyeanza kuona. Alisema siku moja akimenya viazi, bila kuniangalia:

"Huyu mtoto siku hizi nikimwita shambani anaitika chini, mpaka nimfuate ndipo nimsikie. Zamani kuku wa jirani walikuwa wanashtuka."

"Amekua," nikamwambia. "Ana adabu."

"Adabu? Injini ya kiwanda umeiwekea gavana isije ikakimbia ikajivunja, sawa. Na huyu naye ni injini? Ama ni yule Gavana wa Nairobi amekutuma?"

Nilicheka, nikatoka nje. Sikutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Kisha ikaja ile siku ya stima kukatika. Mkanda wa injini ulikatika katikati ya mazoezi yenu na ukumbi ukawa kimya, amplifaya imekufa, kisanduku kimekufa. Nilikuja mbio kuangalia fyuzi, nikakuta arap Koech amewapanga muimbe hivyo hivyo kwa vinywa vyenu. Akakuita wewe usimame mbele. Nilikuwa mlangoni, hukuniona. Ukaimba, na wale wa benchi la nyuma wakaanza kuongea, kwa sababu hawakujua kwamba umeanza.

"Atiambo," arap Koech akasema, "imba."

"Ninaimba, mwalimu."

"Hapo unasali. Imba. Nani amekufunika na plangeti?"

Watu wakacheka, hata wewe ukacheka kidogo. Ukasimama vizuri, ukavuta pumzi. Na kabla hujafungua mdomo ulitazama kisanduku.

Stima ilikuwa imekatika, Mama. Hakukuwa na moto hata wa kuwasha uzi mmoja. Na wewe ukaitazama taa kwanza.

Pale mlangoni nilimsikia mama yangu akisaga mtama. Niliondoka bila kuiangalia fyuzi.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya ile sherehe: nilipima. Nilifunga mita ya kupimia umeme kwenye waya wa pembe, nikaacha ile balbu ndogo mahali pake na kitufe mahali nilipokiacha siku ile, nikamwomba arap Koech na mama yako waje ukumbini. Nilimsimamisha arap Koech mbele ya maikrofoni.

"Kohoa," nikamwambia.

"Nikohoe?"

"Kohoa tu."

"Funti, mgonjwa hapa ni mimi ama ni wewe?"

Akakohoa. Niliandika sindano ya mita ilipofika. Kisha nikamwambia mama yako apige kigelegele. Aliniuliza nani ameoa. Nikamwambia apige tu, na unajua kigelegele cha mama yako. Njiwa wote walitoka darini. Sindano ikasimama karibu pale pale iliposimama kwa kikohozi.

Tukaitazama sote watatu.

"Kwa hiyo," mama yako akasema polepole, "kwa mashine hii mimi na kikohozi cha huyu mzee ni kitu kimoja."

"Ndiyo."

"Na mtoto aliimba humu."

"Ndiyo."

Arap Koech alivua kofia yake akaivaa tena. Niliwaomba wote wawili wasikuambie, nilisema nitakuambia mwenyewe. Hiyo ni wiki ya sita sasa. Katikati yake ikaja barua ya redio ya kukuita ukasikilizwe, nami nikaona ukiisoma kwa uso wa mtu anayeitwa kortini, na bado sikusema. Mdomo wangu una balbu yake. Kwa kalamu ninaweza.

Sasa nikuambie la Nairobi, kwa kuwa hilo ninalijua vizuri, hata kama studio yenyewe sijaiona.

Utakuta kioo, na nyuma ya kioo mtu ameketi na mkono wake kwenye kitufe. Huyo mtu ni kama mimi, jinsi nilivyokuwa mwanzoni. Huenda pembeni yake kuna mashine ya kuzuia sauti, bora kuliko balbu yangu, inayobana haraka na kuachia haraka. Kazi ya kuzuia ni yake na ya mashine yake. Wamelipwa kwa kazi hiyo. Wewe usiwasaidie. Mwimbaji anayejibana mwenyewe kabla ya kufika kwenye mashine hampi fundi kitu cha kushika. Fundi atakizungusha kitufe juu kukutafuta, na atakachokipata ni pumzi na viti.

Kama kuna sindano inayocheza mahali unapoiona, sogea usiione. Kama kuna taa nyekundu inawaka, uliza ni ya nini. Nimesoma kwamba kule inamaanisha tu kuwa wameanza kusikiliza. Ingekuwa aibu yangu kubwa kama ungeishusha sauti kwa sababu ya taa inayokuambia uimbe.

Ukitaka kuwa mwema kwa yule mtu wa kioo, tumia miguu. Unapokwenda kunong'ona, karibia maikrofoni. Unapokwenda kupanda, rudi nyuma nusu hatua, ugeuze uso kidogo kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Koo liache liende. Hivyo ndivyo mwimbaji anavyoshika kitufe chake mwenyewe, na inatosha. Yule jamaa wa Kedowa angejua kurudi nyuma nusu hatua, mimi nisingetengeneza kitu chochote.

Na kama watakurudishia sauti yako kwenye spika, ukaisikia imekuwa bapa, usiikimbize na usiikimbie. Uliikimbiza ukumbini mara ya pili, nikaona ilivyokuumiza, kisha ukaikimbia, na hilo likakuumiza zaidi. Sauti ya spika ni habari ya spika. Yako utaijua mbavuni. Kabla sijakuharibu uliijua hapo.

Watakukubali au watakukataa. Hilo sina uwezo nalo. Huenda siku hiyo wanatafuta mwanamume wa gitaa. Lakini kama watakukataa, wakukatae wewe, wasikatae balbu yangu.

Nimebakiwa na mwanga kidogo, na mama yako amerudi na pasi, analalamika kwamba makaa yana maji.

Kesho injini inawashwa saa kumi na mbili, na basi lako linapita njia panda saa mbili. Katikati ya hayo mimi nitakuwa ukumbini. Kisanduku nimekitoa, nyaya nimeziunga moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye pembe, hakuna kitu katikati. Ile sheria ya chaki nimeifuta leo mchana kwa kitambaa chenye maji, na ubao umebaki na alama nyeupe isiyotoka. Nitaketi nyuma ya pazia, mahali pangu, vidole kwenye kitufe, na wimbo ule wa sherehe ninaujua, pamoja na kule kuchelewa kwako. Nimefungua madirisha yote ya upande wa mashamba. Watu watakuwa wameshaingia kuchuma, nami ningependa wasikie mpaka mistari ya mbali, na nyapara wao naye asikie. Pembe likiungua, liungue. Nitakwenda kwa meneja kwa miguu yangu na kumwambia kwamba safari hii sikulala.

Ukiona huwezi kuja kuimba, sitakulaumu. Wakikukubali, nitakusikiliza kwenye redio iliyo pale mizani, na arap Koech atawanyamazisha watu.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Ndani ya bahasha utakuta kitu kidogo kimefungwa kwa pamba. Ni ile balbu ya taa ya nyuma. Jana niliiunga kwenye betri kubwa kuliko uwezo wake. Iliwaka mara moja, nyeupe kabisa, ikakatika. Usiitupe kabla hujaiweka karibu na sikio ukaitikisa. Utasikia uzi uliokatika ukigonga kioo, mlio mdogo sana, kama mtama mmoja ndani ya chupa. Hiyo ndiyo sauti yote iliyokuwa nayo.

Ninayekungoja nyuma ya pazia,
Baba yako